Kanda ya Mjomba Wako

Mwende, mwanangu,

Kuna mlio mmoja ambao umenifuata kila nilikohamia. Ni mlio wa kitufe cha redio ya kaseti kikibanwa ili kanda isimame. Ka. Baada yake kimya, kisha sauti ya mjomba wako Mutua: "Umeshika?" Nikiwa nimeshika, niliandika. Nikiwa sijashika, alirudisha kanda nyuma, ikalia kama panya aliyekanyagwa, tukasikiliza tena. Ka. "Umeshika?" Hata leo mtu akibonyeza kalamu ofisini kwetu, huko kwenye maghala, kichwa changu hugeuka chenyewe.

Umetoka na Auntie Prossy, mwenzetu wa nyumba hii, kutafuta begi jingine, kwa kuwa lile la kwanza zipu imekufa, na nyumba imebaki na mlio wa ndege zinazoshuka tu. Mambo ya sweta, ya maji ya kunywa na ya kumsalimia nyanyako kabla hujaingia chumbani nimekwisha kuyasema mpaka umeweka vidude vya simu masikioni. Sitayarudia. Nataka tuzungumze kuhusu kanda uliyoniomba wakati wa Ramadhani nikakunyima, kwa sababu kesho alfajiri unaondoka Dubai kwenda kwa nyanyako, na tangu siku ile tunaishi humu ndani kama wapangaji wawili.

Ulisema, "Ni mjomba wangu, Mum. Si wako peke yako."

Nikakujibu kwamba alikuwa kaka yangu kabla wewe hujazaliwa.

"Basi ndiyo maana hutaki nimjue," ukasema, ukafunga mlango polepole. Ungeubamiza ningejua la kufanya.

Najua unaitakia nini. Baba yako ana studio yake pale mtaani sasa, na amekuahidi kwamba ukifika ataitoa sauti ya Mutua kwenye kanda hiyo na kuweka yako kando yake, mjomba na mpwa katika wimbo mmoja. Umeandika mistari yako tayari. Nimekusikia ukiijaribu bafuni, maji yakiwa wazi ili nisisikie. Ni mizuri. Sikukuambia, na hilo pia ni kosa.

Wewe umeikuta ile rap ya magenge ikiwa imeshatengenezewa filamu na fulana. Sisi ilitufikia kwenye kanda zilizonakiliwa kutoka kanda zilizonakiliwa, na kwao Wamarekani nyimbo hizo zilikuwa zimeshaanza kuzeeka. Nilikuja kusoma chuoni kwamba kanda halisi zilibandikwa karatasi ya kuwaonya wazazi. Zetu hazikuwa na karatasi yoyote, ila jina la mwenye kanda kwa kalamu ya wino ili isipotee. Sauti ilikuwa imechakaa, na Kiingereza chao hakikuwa kile cha shuleni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza, basi Mutua na wenzake wakanifanya karani wao. Niliketi kwenye kitanda na karatasi mapajani, wao watatu au wanne sakafuni, na yeye mkono kwenye kitufe. Nilipomaliza wimbo waliubeba hadi kwa kinyozi na kuukariri hapo, chini ya zile sura za Wamarekani zilizochorwa ukutani kwa rangi ya mafuta, ambazo hazikufanana na mtu yeyote.

Ningependa ujue tulichokisikia. Watu wengi wazima walisikia matusi tu. Nyanyako alisema ni mashetani, na mhubiri wake akasema hivyo hivyo. Lakini mimi nilikuwa naandika neno kwa neno, na nililoliandika lilikuwa habari ya kijana anayesimamishwa njiani na askari, anayeambiwa aweke mikono ukutani, anayepekuliwa huku majirani wakitazama kwenye madirisha, anayejua kwamba akijibu amekwisha na akinyamaza pia amekwisha. Mutua alikuwa amefanyiwa hivyo Jumamosi iliyotangulia, mbele ya duka la maziwa. Redioni hatukuwahi kusikia mtu akilisema jambo hilo. Gazetini pia hapana, wala kanisani. Likasemwa na watu wa Los Angeles ambao hawakujua kwamba tupo. Nilipofika chuo kikuu nilitafuta vitabu, nikasoma kuhusu viwanda vilivyofungwa kwao, kuhusu dawa za kulevya, kuhusu milango iliyovunjwa na polisi, na jinsi mji ule ulivyokuja kuwaka moto miaka michache baada ya nyimbo kutoka. Nilifunga kitabu nikiwa na huzuni ya ajabu. Waliimba, wakaambiwa wanachochea, kisha likatokea lile walilolisema.

Hilo ndilo fungu la kwanza la nyimbo hizo, na ninalisimamia mpaka leo. Mtu asikuambie kwamba zilikuwa kelele.

Fungu la pili nililiacha wazi. Kila walipofika kwenye mistari kuhusu wanawake, na ilikuwa mingi, mkono wangu ulisimama. Nilichora mstari mrefu kwenye karatasi na kuruka.

"Hapa mbona umeacha?" Mutua aliuliza mara ya kwanza.

"Haikusikika."

Rafiki yake akacheka. Alikuwa mrefu, anaketi mlangoni siku zote, na alikuwa baba yako, ingawa wakati huo alikuwa kijana wa jirani tu. "Sista amesikia vizuri sana," akasema. "Wacha aruke. Hiyo tunaijua."

Na waliijua kweli. Karatasi zangu zilikuwa safi, na hao vijana walizikariri zikiwa na kila kitu. Kabla ya mwaka kuisha, lile neno ambalo sikuwahi kuliandika lilikuwa ndilo jina la kila msichana aliyepita mbele ya kinyozi kwenda kuchota maji. Mimi pia. Mutua aliwaambia wasiniite hivyo mimi, dada yake. Hakuwaambia wasiwaite wengine.

Nilidhani kwamba nikiruka jambo halitakuwepo. Nimeishi kwa njia hiyo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, na nilikulea kwa njia hiyo.

Kisha ikaja habari ya rangi. Hii hutaisoma kitabuni. Nyanyako alikuwa akiuza mitumba katika soko la Gikomba, na siku moja robota moja lilifunguliwa likakutwa limejaa vile vitambaa vya kufunga kichwani, bandana za buluu zenye maua meupe, mamia. Alifurahi. Vijana wa mtaa wetu walizinunua zote kabla ya Jumapili, na yeye, aliyezichukia nyimbo kama dhambi, alikuwa akiwasaidia kufunga fundo. Hakujua kwamba kule ng'ambo buluu ilikuwa na maana. Vijana walijua kidogo tu, yaani kwamba kuna wa buluu na kuna wa nyekundu na hawapatani. Basi vijana wa mtaa wa pili, ambao walichota maji kwenye bomba lile lile letu na kusoma nasi shule moja, wakaona buluu imekwisha, wakatafuta nyekundu. Hakukuwa na sababu nyingine. Miezi sita baadaye mtu alichomwa kisu pale bombani kwa ugomvi wa mji ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuuona hata kwenye ramani. Nyanyako alikuwa bado na vitambaa vichache kwenye gunia. Alivitumia kupangusia meza.

Askari nao wakajifunza kusoma rangi.

Mutua hakuwa jambazi. Nakuandikia hivyo nikijua kwamba kila dada wa marehemu husema hivyo. Alifanya kazi kwa fundi wa kuchomelea, alikuwa na alama za cheche mikononi, na jioni alitunga. Aliacha kuiga Kiingereza, akaanza kuimba kwa lugha yetu ya mtaani, na hapo ndipo akawa mzuri kweli. Lakini kwenye nyimbo alijiita jambazi, alijipa bunduki na watu aliowaangusha, kwa sababu nyimbo hizo zilidai hivyo. Nilimwambia anadanganya. "Ni mchezo, wewe msomi," akasema. "Kila mtu anajua ni mchezo."

Mwaka wa kwanza chuoni nikapata mimba yako. Mutua ndiye aliyemwambia nyanyako, nikiwa nimejificha jikoni. Alisimama katikati yetu mpaka ile hasira ikapungua, kisha akabeba sanduku langu hadi kwa shangazi ambako niliambiwa nikae kwanza. Njiani hakunilaumu kwa neno hata moja. Wiki chache baadaye akaenda studio na baba yako, chumba kidogo nyuma ya duka la vipuri, wakarekodi wimbo ulio kwenye kanda hii. Hakurekodi mwingine.

Wimbo huo una beti tatu. Ubeti wa kwanza ni wa askari. Kijana anasimamishwa akitoka kazini, anaambiwa alale chini, na kabla hajamaliza kulala anajua kwamba baadaye bunduki itawekwa kando yake na gazeti litamhesabu jambazi mwingine. Ni kazi nzuri kuliko kitu chochote nilichosoma chuoni kuhusu mtaa wetu. Ubeti wa tatu ni wa mama wa kijana huyo, na utalia.

Ubeti wa pili unanihusu mimi. Hakunitaja, lakini mtaani alikuwa msichana mmoja tu aliyekwenda chuo kikuu akarudi na mimba. Anasema nilikwenda kufungua vitabu nikafungua kingine. Ananiita lile neno. Anasema kilicho tumboni hakina mwenyewe, kila mtu mtaani anaweza kukidai. Kilicho tumboni ni wewe, Mwende. Na hapo, nyuma ya sauti yake, kuna mtu anacheka. Ni baba yako.

Waliniita niusikilize kwa kinyozi, wakiwa wamejaa. Ubeti wa kwanza ulipita. Ulipoingia wa pili wakanitazama wote. Mutua alikuwa anatazama viatu vyake. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kama mtu anayejua mchezo, na kinyozi akanipiga begani akasema, "Huyu sista ni ngangari." Nilirudi kwa shangazi, na sikuzungumza na kaka yangu tena.

Ninajua sasa kwa nini aliimba. Wenzake walikuwa wameanza kumcheka kwa ajili yangu, na alitaka kucheka kabla yao. Mtu yule yule aliyebeba sanduku langu. Nimejaribu miaka yote hii kumgawanya, huyu wa sanduku nimweke hapa, yule wa ubeti wa pili nimtupe. Hagawanyiki.

Ulikuwa bado hujazaliwa askari walipompiga Mutua risasi. Yeye na wenzake wawili walikuwa wakitoka kuimba kwenye ukumbi wa kanisa, wamevaa buluu. Waliokuwa madirishani walisema mikono ilikuwa juu. Gazeti lilisema majambazi watatu, na kwamba bastola moja ilipatikana. Baba yako alinusurika kwa kuwa alibaki nyuma kukunja nyaya.

Nilikwenda na nyanyako kituoni kudai mwili. Askari wa mezani hakuwa mkali. Alimpa nyanyako kiti. Kisha akasema, "Mama, huyu si ndiye alikuwa anaimba kwamba yeye ni jambazi?"

"Alikuwa anaimba tu," nyanyako akasema.

"Sasa, nasi tulimsikia."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Nilitaka kuuchukia muziki, kwa sababu ulimpa kaka yangu vazi ambalo wengine walilipiga risasi. Lakini walipiga vijana wasioimba pia, kabla yake na baada yake. Wimbo haukumuua. Uliwapa tu la kusema pale mezani. Sijafika mbali zaidi ya hapo katika kulielewa, na sitajifanya nimefika kwa kuwa wewe unaondoka.

Nilipokuja Dubai nilianza na ulinzi, kabla ya kazi hii ya ofisini, kabla hujaja kukaa nami. Nilisimama mlangoni mwa duka la viatu tangu asubuhi, kwenye jengo la maduka lenye baridi kama friji. Siku moja ukapigwa wimbo niliowahi kuuandika kwa mkono wangu kitandani. Ngoma ile ile. Ila sauti ilikuwa inakatika. Kila penye tusi waliweka kimya kidogo, na kila penye mwanamke, na nikatambua kwamba wamekata pale pale nilipokuwa nikikata mimi. Kisha wakafika kwenye askari, na hapo pia wakakata. Kilichobaki kilikuwa magari na dhahabu. Watoto walikuwa wanajaribu viatu na kutikisa vichwa. Msimamizi wangu akapita akaniuliza, "Everything okay, sister?" Nikasema, "Yes, sir." Nadhani huo ndio wimbo uliotuzunguka sana sasa, uliotolewa hasira ukaachiwa mali. Ndiyo maana nilipokusikia bafuni ukiimba kuhusu mlinzi anayerudi nyumbani na miguu iliyovimba, nilisimama nje ya mlango na taulo mkononi mpaka maji yakakatika.

Sasa nirudi kwenye kanda. Sikukunyima kwa sababu ya Mutua. Nilikunyima kwa sababu ya ubeti wa pili. Sikutaka usikie ulivyoitwa kabla hujazaliwa, wala nani alikuwa anacheka.

Usimhukumu baba yako kwa kicheko cha miaka ile peke yake. Yeye hukupigia simu kila Jumapili, na hakuna aliyemlazimisha. Sijui kama anakumbuka kilichomo. Labda anakumbuka ubeti wa kwanza tu, kama mtaa mzima unavyoukumbuka. Nilimuuliza maishani mwangu mambo mengi, hilo sikumuuliza.

Auntie Prossy ndiye aliyenisukuma. Alinikuta nimeishika kanda kwenye kitanda, akaketi na sare yake ya kazi, akavua viatu, akaniita mama kwa lugha ya kwao. "Wewe nyabo, hiyo kitu inachezwa na nini?"

"Hakuna kitu cha kuichezea humu ndani."

"Sasa unaificha mtoto nini? Plastiki?" Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Huyo msichana anaenda kukaa na watu wenye wanaijua yote. Wewe ndiye hujamwambia. Atasikia kwa nani?"

Nikakuona mawazoni uko studio, Mwende. Baba yako amepata nakala nyingine kwa mtu fulani, vijana wamejaa ukutani, ubeti wa pili unaingia, na wote wanakugeukia. Na wewe, kwa kuwa ni binti yangu, unacheka.

Ndiyo maana nimekuandikia kabla. Ukifika hapo utakuwa umeshajua. Unaweza kuondoka chumbani. Unaweza kumjibu mjomba wako kwenye ubeti wako, maana amekufa lakini wimbo wake bado unasema. Unaweza kuamua kwamba hutaki kuimba naye kabisa. Sina la kukuchagulia, ila usicheke kama moyoni hucheki.

Wiki iliyopita niliipeleka kanda kule Al Baraha, kwa mzee wa Kihindi anayetengeneza redio za zamani na kuhamisha kanda za harusi. Nilimwambia aihamishie kwenye flashi, na ubeti wa katikati auondoe. Nilisimama kando yake nikimwonyesha uanzie wapi na uishie wapi. Akaufanya vizuri. "Khalas, madam. Clean," akasema, akanivisha vile vya masikioni. Nikamsikia Mutua kwa mara ya kwanza tangu kwa kinyozi. Ubeti wa kwanza ukapita, na pale wa pili ulipokuwa, kabla ya ule wa mama, kulikuwa na mkato mdogo. Ka. Nikangoja aniulize kama nimeshika.

Nililipa, nikatoka, nikafika kituo cha metro, nikaiacha treni ipite.

Nilirudi dukani kabla hajafunga. Nikamwambia aiweke upya, yote.

"Yote, madam? Hata pale?"

"Hata pale."

Flashi na kanda yenyewe viko ndani ya soksi zako za kijivu, upande wa kushoto wa begi la mkononi. Sikukata kitu.

Mama yako